Barua ya Tabia Njema

Jumanne ya kwanza ya Machi, saa nne kasorobo asubuhi, Enid Maltby alifungua mbao za madirisha ya chumba cha asubuhi katika jumba la Scarholme, akakunja shuka tatu za kuzuia vumbi, akaweka koni ya msonobari juu ya kila kiti ambacho wageni hawakuruhusiwa kukikalia. Koni inatosha. Mtu wa huku ukimwekea kibao cha kumkataza atakaa makusudi, lakini koni ya mti ataona haya kuiondoa. Baada ya hapo alifuta kioo cha saa ya mezani kwa kitambaa kikavu, akaketi kwenye kiti chake cha mbao karibu na mlango, akaiweka Biblia yake ndogo mapajani chini ya karatasi za maelezo, akasubiri watu.

Saa nne kamili yule msichana aliingia kupitia ukutani, upande wa kabati la vitabu, ambako zamani palikuwa na mlango wa watumishi. Mkono wa kulia alibeba ndoo ya makaa ya mawe, wa kushoto sanduku la brashi. Alipiga magoti mbele ya meko, akafagia majivu ambayo hayakuwepo, akakipaka chuma cha meko dawa nyeusi, akakisugua mpaka kikang'aa, kisha akapanga karatasi, vijiti na makaa tayari kwa kuwashwa. Moto haukuwashwa. Watu wa bima walikuwa wameupiga marufuku tangu jumba lilipokabidhiwa kwa shirika la kutunza majumba ya kale. Kwa hiyo kila siku kabla ya kufunga, Enid aliyatoa yale makaa moja moja na kuyarudisha stoo. Walikuwa wamefanya hivyo kwa miaka kumi na mmoja, mmoja akipanga na mwingine akipangua.

Msichana alikuwa amekufa mwaka 1904. Upindo wa gauni lake ulikuwa umelowa maji, na haukukauka hata wakati wa kiangazi. Philippa, meneja wa jumba, alikuwa ametandika ukanda wa nailoni kutoka kwenye kabati mpaka mekoni ili zulia lisioze.

Wageni hawakuja kwa ajili yake. Walikuja kwa ajili ya Bibi wa Kijivu, mke wa mwenye jumba wa enzi za nyuma sana, aliyeanguka kwenye ngazi kuu akiwa na gauni la hariri. Picha yake ilichapwa kwenye vikombe na kwenye vitambaa vya kukaushia vyombo. Watu walisimama chini ya ngazi na kamera zao, wakanong'ona, wakasema wanahisi baridi. Msichana alipopita katikati yao na ndoo yake walijibana ukutani kumpisha, wakamwambia samahani, wakaendelea kutazama juu. Mara kwa mara mmoja wao alimuuliza choo kiko wapi, naye alikionyesha kwa kidole.

"Bibi wa Kijivu sijamwona tangu nianze kazi hapa," alisema Ron Dring, dereva wa basi mstaafu ambaye sasa alichana tiketi mlangoni. "Nadhani alipata basi la mapema."

Enid na msichana walikuwa hawajawahi kuzungumza kwa kirefu. Waliambiana habari za mvua, na siku za upepo wa mashariki waliambiana kwamba upepo ni wa mashariki. Zaidi ya hapo hapakuwa na mtu wa kuwatambulisha, na miaka ilikuwa imekwenda kiasi kwamba kuanza sasa kungekuwa aibu. Enid alimwita Jane, kama kila mtu jumbani alivyomwita.

Jumanne hiyo Ron alikuja mpaka chumba cha asubuhi na kikombe chake cha chai, jambo ambalo lilikatazwa.

"Ijumaa wanamchukua mzee," alisema.

"Mzee yupi?"

"Tuna mzee mwingine? Sir Aubrey. Wanampeleka nyumba ya wazee mjini. Miguu imegoma, na moyo nao unataka kugoma."

"Ron, chai."

"Naiona chai, Enid. Nimeishika mimi mwenyewe."

Sir Aubrey Stainfleet alikuwa na miaka tisini na mmoja. Alilitoa jumba kwa shirika akabakiza vyumba vinne vya upande wa mashariki, avikalie mpaka mwisho wake. Hakuoa, hakuwa na mtoto, na baada yake hapakuwa na Stainfleet mwingine duniani.

Ron alipoondoka, msichana aliweka brashi chini. Alisimama, akajifuta mikono kwenye aproni, akavuka ukanda wa nailoni akaja mpaka kwenye kiti cha Enid. Maji yalidondoka kwenye zulia.

"Samahani mama, nimesikia bila kutaka. Ni kweli bwana mdogo Aubrey anaondoka?"

"Ni kweli, binti."

"Basi nani ataniandikia barua?"

Enid aliuliza ni barua gani, na msichana akamweleza kwa sauti ya chini, mikono akiwa ameikutanisha mbele kama alivyofundishwa.

"Barua ya tabia njema, mama. Mtumishi akitoka nyumba moja, bwana wake anamwandikia kwamba huyu ni mwaminifu, ni msafi, halewi, anaamka mapema. Ukiwa nayo unapata kazi. Usipokuwa nayo hakuna atakayekufungulia mlango. Bibi mkubwa wa wakati ule alisema nimeiba pini yake ya lulu, ile ya kifuani. Sikuiba. Akanitoa Jumamosi ile ile bila barua. Nilitembea nyumba saba kwenye mvua ya Novemba, na kila mlango waliuliza kitu kimoja. Ya nane sikuifikia. Nilikaa kidogo kando ya mfereji, nipumzike."

Enid alikuwa mjane kwa miaka kumi na minne na hakukosa ibada hata Jumapili moja. Kulikuwa na swali ambalo alikuwa amelibeba miaka yote hiyo, na sasa alikuwa mbele ya mtu wa kuulizwa.

"Na baada ya hapo, mwanangu? Ulifika?"

"Nilifika, mama. Kuna mlango. Mwanga unatokea chini yake, na ndani watu wanaimba. Sikubisha."

"Kwa nini hukubisha?"

"Nitabishaje bila barua? Nikarudi hapa, maana barua ni ya hapa. Na mtu huwezi kukaa bure kwenye nyumba ya watu, ndiyo nikashika kazi."

"Mungu haombi barua," Enid alisema.

Msichana alimtazama kwa heshima.

"Ndivyo wanavyosema watu wenye barua, mama."

Nyumbani kwake, ndani ya kopo la biskuti, alikuwa na cheti cha ubatizo, cha kipaimara na cha ndoa, na mara moja kwa mwaka alivikunjua kuhakikisha havijaliwa na nondo.

"Nikuandikie mimi?"

"Mama hukuniajiri. Utakuwa unaandika usilolijua. Nilitolewa na Stainfleet, anisafishe Stainfleet."

"Basi nitamwona Sir Aubrey kesho. Nitamwambia Jane anaomba..."

"Na jina, mama. Jina langu Kezia. Kezia Blades." Alilitamka polepole, kama mtu anayelijaribu kama bado linamtosha. "Jane ni jina la kazi. Nililikuta hapa pamoja na aproni. Wa kwanza anaitwa Emma, wa pili Jane, wa jikoni Mary, ili bibi mkubwa asisumbuke kujifunza mapya kila mtu anapoondoka. Barua ikiandikwa Jane, haitakuwa yangu."

Enid aliona uso unapata moto. Alijua Kezia ni nani katika Maandiko, binti wa pili aliyezaliwa kwa Ayubu baada ya mateso yake. Alikuwa amekaa hatua sita kutoka kwa mtu mwenye jina hilo kwa miaka kumi na mmoja, na alikuwa amemwita kwa jina la aproni.

"Nisamehe, Kezia," alisema.

"Si kitu, mama. Huwa naitika."

*

Jumatano saa tano asubuhi Enid alipanda ngazi za upande wa mashariki. Sir Aubrey alikuwa kwenye kiti chake na blanketi magotini, akila mkate wa kuchoma na jemu ya machungwa. Kezia alikuwa mekoni. Huku moto uliwashwa, kwa kuwa vyumba vile vinne havikuwa vya shirika, na ni Kezia aliyeuwasha kila asubuhi tangu Sir Aubrey alipokuwa mtoto wa kubebwa. Majivu alikuwa akiyakusanya bila kelele.

Sir Aubrey alikuwa mtu mpole. Aliondoa gazeti kwenye kiti kingine kwa mkono wake mwenyewe ili Enid akae, akamuuliza habari za nyonga yake, maana alikumbuka kwamba ilimsumbua. Enid akamweleza shida.

"Barua? Masikini Jane! Bibi Maltby, kwa nini hamkuniambia miaka yote hii? Nipe kalamu hiyo."

"Kuna ile habari ya pini, Sir Aubrey."

"Ah, pini!" Alicheka mpaka akakohoa. "Pini ilionekana, Bibi Maltby. Mwaka 1938. Nilikuwa na miaka mitano, nakumbuka vizuri. Ilikuwa imeingia ndani ya kiti cha bibi yangu, chini ya mto, imelala humo miaka thelathini na zaidi. Tulicheka chakula cha jioni chote. Na unajua nani aliiona? Jane! Alikuwa anapiga vumbi viti, akaiweka mezani. Mama alifurahi sana, akampa mapumziko ya mchana mzima."

Enid alimtazama Kezia. Kezia alikuwa akipanga makaa, makubwa chini, madogo juu.

"Kwa hiyo mlijua hakuiba," Enid alisema.

"Kila mtu alijua. Ilikuwa hadithi ya familia."

"Na hakuna aliyeandika?"

"Amwandikie nani, Bibi Maltby? Yule msichana alikuwa ameshafariki." Aliandika huku anasema. Mkono ulitetemeka lakini mwandiko ulikuwa mzuri, na karatasi ilikuwa na nembo ya Stainfleet juu, ndege mwenye samaki mdomoni. Aliandika ukurasa mzima. Alipomaliza aliupulizia wino, akamkabidhi Enid.

Ilikuwa barua nzuri. Ilisema mtumishi huyu ni mwaminifu kupita wote aliowahi kuwajua mwandishi, kwamba ameiwashia familia moto kwa zaidi ya miaka mia bila kukosa hata siku moja, hanywi, hajibu jeuri, havunji vyombo, na nyumba yoyote itakayompokea itakuwa na bahati. Ilianza hivi: *Jane, mtumishi wa pili wa ndani.*

"Imebaki jina tu, Sir Aubrey. Jina lake ni Kezia Blades."

"Nani?"

"Jane. Jina lake Kezia."

Sir Aubrey alifikiri. Uso wake ulikuwa wa mtu anayetaka kusaidia na ameona kikwazo.

"Hapo sasa, Bibi Maltby. Jane namjua. Naweza kumwapia Jane mbele ya askofu. Huyu Kezia, sijawahi kumsikia. Nitawekaje saini yangu chini ya sifa za mtu nisiyemjua? Huo utakuwa uongo."

"Ni mtu mmoja. Yuko hapo. Muulize."

"Hapana, hapana." Alishusha sauti. "Hatuwaaibishi hivyo, watumishi. Si vizuri." Kisha, ili kumwonyesha Enid kwamba hana ubaya wowote, aliinua sauti kidogo kuelekea mekoni. "Jane, naona leo upepo umerudi mashariki."

"Ndiyo, bwana mdogo," Kezia alisema.

Jibu lilitoka lenyewe, kama goti linavyoruka daktari akiligonga. Sir Aubrey alifungua mikono yake miwili, kwa upole kabisa.

"Unaona? Anaitika."

Kezia hakugeuka. Alikuwa na kipande cha makaa mkononi na alikaa nacho muda mrefu kabla ya kukiweka.

Enid aliishika ile barua usiku na mchana mpaka Alhamisi. Alikuwa na kalamu yenye wino wa rangi hiyo hiyo, na herufi nne za Jane zingeweza kukatwa kwa mstari mmoja na jina kuandikwa juu yake. Aliweka barua mezani jikoni kwake, akaiondoa, akaomba, akaiweka tena. Kugeuza maneno ya mtu juu ya saini yake ni kughushi, na alijua hivyo tangu darasa la pili. Hakuigusa. Baadaye alijiuliza mara nyingi kama ilikuwa imani au woga, na hakuwahi kupata jibu lililomridhisha.

Alhamisi asubuhi alimpa Kezia jinsi ilivyo. Kezia alikausha vidole kwanza. Aliisoma pale pale mekoni, akifuata mistari kwa kidole, maana kusoma alijifunzia shule ya Jumapili. Alipofika mwisho alirudi mwanzo. Kisha aliikunja vizuri kwenye mikunjo yake akamrudishia.

"Barua nzuri sana, mama. Huyo Jane atapata kazi mahali pazuri."

"Labda wataipokea, Kezia. Wanakujua."

"Wataniuliza, wewe ndiye Jane? Niseme nini? Nianze kwa uongo, mlango ule?"

Enid alipanda tena ngazi za mashariki, nyonga ikimuuma, akamwomba Sir Aubrey mstari mmoja tu: kwamba Jane aliyetajwa hapo juu alibatizwa Kezia Blades. Akamwambia daftari la ubatizo liko kanisani, nusu saa kwa miguu, atalileta akague kwa macho yake. Sir Aubrey alisema hilo ni wazo la busara. Alisema atalala nalo.

Alilala nalo. Ijumaa asubuhi gari la nyumba ya wazee lilipofika, alikuwa amekufa kitini, mikono kwenye blanketi, na moto mbele yake ulikuwa umeshawashwa. Kalamu ilikuwa mezani, bado imefungwa kifuniko chake.

Walimzika Jumatatu ndani ya kanisa, chini ya mawe, pamoja na Stainfleet wengine. Kasisi alisema familia imefika mwisho wake. Enid aliimba nyimbo zote, na wakati wa maombi alitaja jina moja lisilokuwa kwenye karatasi ya ibada, kwa sauti ambayo mtu wa kiti cha pili aliisikia. Kezia alikuwa amesimama nje kwenye mvua, upande wa watumishi.

"Imekwisha, mama," alimwambia Enid walipokutana langoni.

"Haijaisha," Enid alisema, lakini hakujua aendelee na nini.

*

Jumanne iliyofuata, saa nne kasorobo, Enid alifungua mbao za madirisha na kumkuta Sir Aubrey kwenye kiti cha baba yake cha chumba cha asubuhi. Alikuwa amevaa suti ya kuzikiwa. Miguu yake ilikuwa imepona.

"Habari za asubuhi, Bibi Maltby. Nyonga?"

"Afadhali, asante."

Ron alikuja mlangoni kutazama. "Kumbe hakwenda mbali," alisema, akarudi kwenye tiketi zake. Philippa alikuja, akapima kiti kwa macho, akasema hii ni habari njema sana kwa jumba. Alasiri hiyo alikuwa ameshaandika maelezo mapya: Bibi wa Kijivu kwenye ngazi kuu, na Stainfleet wa Mwisho kwenye chumba cha asubuhi, kila siku isipokuwa Jumatatu. Enid alimuuliza kama na Kezia ataandikwa. Philippa alisema ni wazo zuri ila nafasi kwenye karatasi imejaa, na tena watu hawaji kutazama usafi.

Lakini hayo yalikuwa ya baadaye. Asubuhi ile Enid alikwenda moja kwa moja kwenye mkoba wake. Daftari la ubatizo alikuwa amelinakili Alhamisi ile jioni kwa ruhusa ya kasisi, na kasisi aligonga muhuri. Aliweka nakala hiyo kwenye meza ndogo mbele ya marehemu, na kando yake karatasi safi ya nembo ya ndege kutoka kwenye droo ya meza hiyo, na kalamu yake, akaifungua kifuniko. Alikuwa na furaha ambayo aliionea haya. Stainfleet alikuwepo. Alikuwa na mikono, na gazeti la jana lilikuwa ndani ya mikono hiyo.

"Uthibitisho ndio huu, Sir Aubrey. Mstari mmoja."

Alisoma nakala yote, mpaka muhuri. Alikuwa na adabu ile ile.

"Naona," alisema. "Kezia. Jina la kupendeza. Nitalifikiria kwa makini."

"Ulisema utalala nalo."

"Na nimelala nalo, Bibi Maltby, vizuri kuliko miaka mingi." Alisogeza karatasi pembeni kidogo apate mahali pa kuegemeza gazeti. "Wala hakuna haraka tena sasa, sivyo? Si kwangu, si kwake. Tuna wakati wote."

Alinyoosha mkono akavuta kamba ya kengele kando ya meko. Kamba hiyo ilikatwa waya wake kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Chini, kwenye korido ya watumishi, kengele ililia.

Kezia aliingia kupitia ukutani na ndoo yake. Alimwona aliyekaa kitini. Aliiona meza, karatasi nyeupe, na kalamu iliyo wazi. Alimtazama Enid, na Enid akainamisha macho.

"Baridi humu, Jane," alisema Sir Aubrey. "Utuwashie."

Watu wa bima walikuwa wamekataza, ila hapakuwa na mtu ambaye angemwambia hivyo Stainfleet ndani ya nyumba yake. Kezia alipiga magoti. Moto ulishika mara ya kwanza, maana vijiti na makaa alivipanga vizuri, kama kila siku.

"Asante, Jane."

"Ndiyo, bwana mdogo."

Enid alifunga kalamu. Aliikunja ile karatasi nyeupe mara mbili, akaitia ndani ya Biblia, akaenda kumfungulia Ron mlango wa mbele, kwa sababu nje watu walikuwa wameshapanga foleni.